Nyumba ya Ruashi Inayolipuliwa Kila Siku

Kuna nyumba moja mtaa wa Ruashi, hapa Lubumbashi, ina mabati mapya na geti la kijani, na ghorofa ya juu bado haijaezekwa. Nyumba hiyo imelipuliwa na watu wa nchi ambazo mwenye nyumba hawezi hata kuzitaja. Wanaruka kutoka uwanja wa ndege wa Luano, wanapinda juu ya kile kilima cheusi cha masalia ya shaba, wanashuka chini kabisa, wanaachia mabomu, na nyumba inaruka vipande vipande. Kisha wanaanza mchezo upya, na nyumba iko palepale, nzima, inawangoja. Aliyeiweka pale ni mimi. Kama unatafuta mwanamke anayejuta, hapa umepotea njia.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, wa ndege za vita za propela, zile unazopaswa kuziendesha kwa mkono mpaka bega liume. Niliujua nikiwa bado nasomea umeme katika shule ya ufundi. Hapa Kampemba kulikuwa na chumba cha michezo kando ya saluni ya kusuka nywele: kompyuta chache zilizounganishwa kwa nyaya, jenereta nje, na vijana wanaopiga kelele kama wako uwanjani. Siku ya kwanza niliposukuma mlango, kijana mmoja mnene mwenye meno mazuri alinigeukia akasema, «Ma sœur, kusuka iko ku mulango ya pili.» Chumba kizima kilicheka. Alasiri hiyohiyo nilimtungulia ndege yake, akaanguka kichwa chini kwenye bahari fulani ya Ulaya, na nikakaa kwenye kiti changu kama mtu aliyepewa cheo.

Huyo ndiye mwenye nyumba.

Tukawa marafiki, kwa kweli kabisa marafiki, na sitaki kulificha hilo kwa sababu ndilo linalonichoma. Tulipokwisha kujuana vizuri tukagundua jambo lingine: watu wa kwetu wa kaskazini na watu wa kwao, wa upande wa mpaka, ni watani. Sisi tunasema banungwe. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya chakula mkononi, kukuita jina lolote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unamlipa kwa utani, basi. Kwa miaka mingi nililiona ni jambo tamu.

Mchezo ulikuja na ramani za Ulaya na za visiwa vya mbali. Nililinda pwani za wenyewe mpaka nikachoka. Nikaanza kujifunza kutengeneza mod, yaani kipande chako mwenyewe unachokipachika ndani ya mchezo wa wengine: ndege, rangi, sauti, au ardhi nzima. Mimi nilitaka ardhi. Nilitaka kuruka juu ya kwetu.

Watu hudhani kazi hii ni ya ujanja mkubwa. Ni kazi ya kuchosha macho. Mchana nilikuwa kwenye bureautique yangu, napiga fotokopi na kuwafunika watu vitambulisho kwa plastiki, na katikati ya wateja nilikuwa nachora mabati. Nilipanda juu ya tangi la maji la jirani kupiga picha za mapaa yaliyoshika kutu. Nilipiga picha udongo wa kiangazi na udongo uleule baada ya mvua, kwa sababu si rangi moja, na anayesema ni rangi moja hajawahi kufua nguo Lubumbashi. Nilimsimamisha dereva wa pikipiki mara kwa mara kwenye barabara ya kwenda Kambove, mpaka akaniuliza kama ninamtafuta mume aliyenitoroka. Shimo la mgodi wa Ruashi lilinitoa jasho kuliko yote. Na kilima cheusi, nilipoonyesha picha zake za mwanzo kwenye mtandao wa watengeneza mod, mgeni mmoja aliniuliza kwa nini mlima wangu hauna hata jani moja, je, si kosa? Nikamjibu kwamba ni kosa kweli, ila si langu.

Ardhi ilipokamilika nikaona bado kuna kasoro. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa unasema Kiingereza, kwa sauti ya mwanaume aliyebanwa pua. Luano gani hiyo? Nikamwita baba.

Baba alikuwa amestaafu reli. Maisha yake yote aliketi katika chumba kidogo cha stesheni na simu mkononi, akizipa treni njia. Baba yake naye alikuja huku na reli. Hakuwahi kupanda ndege. Nilimweleza kwamba katika mchezo kila neno la mnara ni faili dogo lenye jina lake: faili la kuruhusu kuruka, faili la kusubiri, faili la hatari. Ukiweka sauti yako kwa jina lilelile, mchezo unaichukua hiyo. Hauulizi anayesema ni nani, unauliza jina la faili tu. Baba aliona ni utaratibu mzuri, kama wa reli.

Tulirekodi uani, kwa simu yangu, mama akiwa anapika na kuku wakizunguka miguuni. Baba hakuweza kuelewa kwamba angani kuna nafasi. Kwake kulikuwa na njia moja, na treni moja ndani yake. «Haloo, ndege. Kuko mwenzako mu njia. Simama.» Nikamwambia, baba, ndege haiwezi kusimama hewani. Akanitazama kama mtu anayejaribu kumdanganya. «Mwenzako haiyatoka. Simama, nimesema.» Nikaacha hivyo. Shida ilikuja kwenye faili la ndege inayoungua, ambapo mnara unapaswa kumwambia rubani aruke kwa mwavuli. Baba alikataa katakata. Mtu haachi mashine yake njiani, hata ikiungua. Alifikiri kidogo, akakohoa, akasema kwenye simu: «We mutoto, rudia ku nyumba, bukari inapola.» Nyuma yake unasikia kabisa mwiko wa mama ukigonga sufuria.

Kwenye chumba cha michezo watu walianza kujiunguza makusudi ili waambiwe ugali unapoa. Munungwe wangu alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Ndiye aliyekuwa na intaneti nzuri nyumbani kwake Ruashi, kwa hiyo nikampa nakala ya kazi yote, ardhi na sauti, anipakilie mtandaoni siku atakapopata nafasi. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, bila wasiwasi wowote.

Kiangazi kilichofuata baba aliugua kifua akafa.

Kwenye kilio, banungwe wana kazi yao. Wengine wanalia, wao wanachekesha. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanamsema vibaya mbele ya jeneza, na ni heshima. Yeye alikuja amevaa kofia ya reli ya baba, akaketi mlangoni pa turubai, akashika sandali sikioni kama simu, na kila aliyekuja kutoa pole alimpigia kelele kwa sauti ya baba: «Weye simama! Mwenzako haiyatoka!» Wazee wa heshima walisimama kweli, wakangoja. Mama alicheka akijishika mbavu, machozi yanamtiririka. Mimi pia nilicheka. Aliipata sauti ile kwa namna ya ajabu, mpaka kile kikwaruzo cha kooni. Nilimshukuru, na siku ile shukrani ilikuwa ya kweli.

Miezi iliyofuata mama alianza mtindo mmoja. Jioni, kabla ya kupika, alikuja chumbani kwangu na ungo wa karanga, akakaa akiipa kompyuta mgongo, akasema, «Washa ile kintu.» Nilikuwa nawasha, naiweka ndege uwanjani Luano, naomba ruhusa ya kuruka, na baba ananikatalia. Naomba tena, ananikatalia tena. Sikuruka. Tulikaa hivyo chini, injini ikinguruma, mama akimenya karanga, baba akitufokea wote wawili. Karanga zikiisha aliondoka.

Sauti nyingine ya baba haikuwepo. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na ujumbe wa sauti aliuita kuongea na ukuta. Kuna video moja ya arusi, anacheza, mdomo unafunguka, lakini muziki umemmeza.

Halafu umeme. Ulikatika kama kawaida, ukarudi kwa hasira, kompyuta yangu ikatoa moshi. Diski haikusoma tena. Nilimpelekea fundi mmoja, nikampelekea wa pili, wote walitikisa kichwa. Kompyuta za chumba cha michezo zilikuwa zimesafishwa zamani, lakini sikulia, kwa sababu nilijua nakala iko Ruashi. Nikampigia munungwe. Akasema iko, atanitafutia. Wiki ikapita, akasema flashi imepotea, atatafuta nyingine. Nikaenda kazini kwake, nikaambiwa ametoka. Alinipiga chenga hivyo kwa muda, na mimi nilikuwa namtetea kwa mama: ana kazi nyingi, mama, ana watoto.

Jumapili moja baada ya misa mwenzetu kwenye chumba cha michezo aliniita kwenye kompyuta yake. «Hongera, mod yenu imetoka.» Ilikuwa kwenye mtandao wa watengeneza mod, picha za kilima changu cheusi, za shimo langu, za mabati yangu yenye kutu. Jina la mtengenezaji lilikuwa lake yeye peke yake. Wageni walikuwa wanamsifu chini ya picha, na yeye anawajibu, asante, asante, ilikuwa kazi ngumu.

Hilo peke yake lingenitosha kumchukia mwaka mzima. Lakini nilivaa vipokea sauti, nikaweka ndege Luano, nikaomba ruhusa. Mnara ukanijibu. Ilikuwa sauti ya baba na haikuwa sauti ya baba. Nilisikiliza sentensi ya kwanza nikiwa natabasamu. Kwenye ya pili nikagundua kwamba hakuna kuku. Hakuna mwiko wala sufuria. Kilikuwa chumba kimya, na mtu mnene ndani yake anamwigiza baba yangu.

Nilichukua pikipiki mpaka Ruashi. Mkewe alinipa kiti na maji, akaniuliza habari za mama. Yeye alitoka ndani na fulana, akaniona uso, akaanza kucheka mapema.

«Munungwe! Umekuya kuniua?»

«Sauti ya papa iko wapi?»

«Si umesikia? Niliifanya muzuri, hapana? Ile ya mwanzo kelele ilikuwa mingi. Ba kuku, ba sufuria. Bazungu bangesema haieleweke.»

«Ninakuuliza ya papa. Uliiweka wapi?»

Alijikuna shingo. «Weye mwenyewe unajua. Mu jeu ba fichier iko na majina ileile. Nilisauvegarder yangu kwa majina ile. Ili-écraser.»

Kwa Kifaransa chetu cha kompyuta ndivyo tunavyosema: faili jipya likiwekwa kwa jina la zamani, linaliponda la zamani. Alikuwa amekaa katika chumba chake kizuri, faili moja baada ya lingine, akimponda baba. Hakuweka nakala, haikumjia akilini. Maji ya mkewe niliyaacha kwenye kiti bila kuyagusa, na kwetu hilo linaeleweka.

Nilipeleka shauri kwa baba mdogo, ndugu wa baba aliyebaki, ambaye ndiye husikiliza mambo ya ukoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka polepole. «We mutoto, ku munungwe hakuna kesi. Tangu zamani ni vile.» Nikamwambia ni wizi. Akasema banungwe huiba. Nikamwambia amemfuta baba. Akasema, «Papa yako iko mu mbingu, haiko mu ordinateur.» Aliitwa munungwe, na munungwe akaja na kuku hai chini ya kwapa, akamkabidhi baba mdogo mbele ya watu. «Analilia ba kuku ya mu sauti. Njo huyu, nimemurudishia.» Uani palilipuka kwa kicheko. Yule kuku alipikwa, watu wakala, kesi ikaisha. Mimi sikula. Nilikaa nikitazama mdomo wake ukitafuna na nikala kiapo kimya kimya kwamba nitamlipa, na nitamlipa kwa utani, kama sheria inavyosema.

Mwanzoni nilitumia njia ya kijinga, risasi. Kila Jumapili mchana alipoingia mchezoni nilimwacha kila mtu nikamfuata yeye. Manette yangu ya kuendeshea ndege ilikuwa imelegea, niliikaza kwa mpira wa tairi, nikafanya mazoezi mpaka kidole gumba kikaota sugu. Nilijua anapenda kupinda kushoto akiogopa. Nilimngoja kwenye jua, nikamshukia kwa nyuma, nikamtungua akiwa bado anatoa magurudumu. Nikamtungua akitua. Nikamtungua akiwa ameegesha. Lakini alikuwa anacheka! Anafungua mikono, «Munungwe, unanichoka wakati gani?» Alikuwa anafurahi kutafutwa. Kumwangusha mtu anayefurahi kuanguka hakuondoi hasira, kunaipalilia.

Ndipo nikakumbuka nyumba yake.

Aliijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kama kila mtu wa Ruashi, tofali kwa tofali, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama ile nyumba. Nilipita pale kwa pikipiki nikapiga picha. Nikaichora, kwenye kompyuta ya mtumba niliyonunua, kwa subira ambayo sijawahi kuipa kazi nyingine. Geti la kijani lenye mkwaruzo wa gari. Tangi la maji. Nondo za ghorofa ya juu zikichungulia angani. Banda la mbwa. Niliweka kamba ya nguo ya mkewe, na nguo zikining'inia, halafu nikakaa nikazitazama. Kamba niliiacha, nguo nikazitoa. Huo ndio mpaka wa huruma yangu.

Ardhi niliichukua kutoka kwenye mod yake, yaani niliiba kazi yangu mwenyewe. Sauti zake nilizifuta zote, mnara wa Luano ukawa bubu. Nikatengeneza somo la kwanza la mabomu, lile ambalo kila mgeni katika mchezo hulipitia kabla ya kuruhusiwa kwingine: ruka Luano, pinda kwenye kilima cheusi, tafuta geti la kijani Ruashi, lipua. Usipolilipua huendelei. Nikapakia kwa jina langu. Ardhi yangu ilikuwa na mito iliyonyooshwa vizuri zaidi na mgodi mpya, watu wakaihama yake wakaja kwangu.

Nilifurahi. Niseme wazi, nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu baba aliposhika simu yangu uani. Nilikuwa nafungua mtandao kati ya wateja wawili, nasoma mtu asiyejulikana akiandika kwamba ameshindwa kulipiga geti la kijani na anaomba ushauri, nami namshauri, kwa upole kama mwalimu: shuka zaidi, usiogope, ngoja mpaka uzione nondo. Mteja akiniuliza ninachekea nini, namwambia habari njema za nyumbani.

Wiki za kwanza naye alicheka. «Unaniua, munungwe!» Halafu wageni wakaanza kutoa video. Vijana wa kazini kwake wakaziona, wakawa wanamuuliza asubuhi kama amelala nje. Halafu mkewe akaiona. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa: alishika simu kwa mikono miwili, akaona geti lake, tangi lake, kamba yake, na moto. Akaitazama tena na tena. Tangu hapo aliacha kuanika nguo uani.

Na Ruashi, lazima ujue, nyumba zote zina nyufa. Mgodi ukilipua mawe, sahani zinacheza kabatini, na kila mwaka ukuta wa mtu fulani unafunguka kidogo. Watu wanaziba kwa saruji, maisha yanaendelea. Mwaka ule ufa ulitokea kwenye chumba cha watoto wake, kutoka dirishani mpaka sakafuni. Siku nyingine angelaumu mgodi kama majirani zake. Sasa mkewe alisema ni mimi. Mama mkwe akaja na maji ya baraka, akanyunyiza pembe zote nne, akasema kitu kikilipuliwa kila siku na watu wengi hivyo hakiwezi kubaki salama. Majirani wakaanza kuniita yule mwanamke wa mabomu. Mimi, ninayefunika vitambulisho kwa plastiki.

Alikuja kwetu Kampemba Jumapili mchana. Hakuwa na kuku. Alikataa kiti, akasimama katikati ya ua, mikono imening'inia.

«Toa nyumba yangu.»

«Munungwe, umekasirika?» nilimuuliza. «Munungwe hakasirikake.»

«Bibi yangu halalake. Batoto tumebalaza ku sebule. Toa, nakuomba.»

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo kwa muda mrefu, na ilikuwa tamu kama nilivyoiwazia. «Leta sauti ya papa. Ukiileta leo, nyumba natoa leo.»

«Nitaitoa wapi? Haiko. Nilikuambia haiko.»

«Basi nyumba nayo haitoke.»

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ataondoka, na nilikuwa nimeshaanza kumgeuzia mgongo. Kisha nyuma yangu, uani kwetu, baba akasema:

«We mutoto. Ile nyumba iko na bantu ndani. Toa.»

Niligeuka nikiwa tayari kumpiga, na Mungu ni shahidi ningempiga, ila ndani ya nyumba ungo ulianguka, karanga zikatawanyika sakafuni, na mama akatoka. Maganda yalikuwa yamemganda kwenye kitenge. Alimtazama yeye, hakunitazama mimi.

«Ni weye?»

«Ni miye, mama. Unisamehe.»

Mama hakudanganyika hata kidogo. Alijua ni nani aliyesimama pale. Alisogea karibu, akasema, «Sema tena.»

Yeye alinitazama kuniomba ruhusa. Sikumpa. Akasema tena, kwa sauti ya chini. Mama akatikisa kichwa.

«Hapana. Papa hakusemaka vile. Alikuwa anakohoa kwanza.»

Akakohoa, akasema. Mama akamwambia kikohozi ni kifupi zaidi, na kwamba neno la mwisho baba alikuwa analishusha, halipandishi. Akajaribu. Mama akamvutia kiti kile alichokuwa amekikataa, akaketi mbele yake kwenye kigoda, magoti yanagusana karibu, na wakaendelea, neno kwa neno, mama anarekebisha, yeye anarudia, jasho likimtoka. Mimi niliokota karanga sakafuni. Sikuwa na kazi nyingine pale uani.

Alipoondoka mama alimuuliza atarudi lini. Kisha akanigeukia mimi. «Mutolee nyumba yake.» Nikasema ndiyo, mama.

Sasa anakuja kila Jumapili. Anakaa kwenye kiti cha baba, anakula bukari yetu, na mimi ndiye ninayemmwagia maji ya kunawa, kwa sababu mama ananitazama. Anafoka, anakataza watu njia, anakohoa kikohozi kifupi. Mama anacheka, siku nyingine analia, halafu analala vizuri. Zamani alikuwa anamkatiza kila mara, siyo hivyo, siyo hivyo. Siku hizi hamrekebishi tena. Sijui kama ni kwa sababu ameipata, au kwa sababu mama amesahau.

Mimi nimesahau. Nimejaribu. Nafumba macho, namtafuta baba akiniita kutoka mlangoni nilipokuwa mdogo, akinigombeza kwa viatu vyenye tope, akiniuliza umeme ni kitu gani hasa. Namwona vizuri, kofia, masharubu, vidole. Anafungua mdomo, na anayesema ni yule mnene. Kila neno alilowahi kuniambia baba yangu tangu nizaliwe sasa ananiambia yeye. Haya hakuyachukua kwenye diski, ameyachukua ndani yangu, na haitambuliki kesi ya namna hiyo kwa baba mdogo wala kwa mtu mwingine.

Mama ananiuliza kila mara kama nyumba niliitoa. Namwambia niliitoa zamani. Asubuhi hii kabla ya kufungua bureautique niliongeza moshi, ili iungue kwa muda mrefu zaidi.